Mwezi Hulipwa kwa Macho

Algiers, 23 Februari 1986

Kaka yangu Lakhdar,

Nisamehe kwa ukimya huu mrefu. Barua yako ya msimu wa zeituni ilinifikia salama. Niliiweka juu ya kabati la vyombo, na kila nilipopita mbele yake niliinamisha uso, kama mwanafunzi anayekutana na mwalimu wake sokoni na hajamaliza kazi aliyopewa. Sikuwa mgonjwa wa kulala, wala hakuna aliyefariki. Sikujua tu nianzie wapi.

Huku hatujambo, alhamdulillahi. Paa linavuja upande wa jikoni, nasi tumezoea kupika tukikwepa matone. Binti yangu Ghania amepandishwa cheo pale posta, na sasa anagonga mihuri kwa hasira zaidi kuliko zamani. Anakusalimu na kukubusu kichwa. Wifi yangu Tawes hajambo? Mguu wake je? Mwambie pilipili alizonianikia zimefika na zimewaliza majirani wote wa ghorofa ya pili.

Sasa nikueleze. Mwezi wa kwanza redio ilitangaza habari za ile nyota yenye mkia ambayo bibi aliiona alipokuwa mwari. Ikasema kituo cha nyota kilicho kilimani juu ya mtaa wetu kitafungua lango kwa watu wote Alhamisi jioni. Tangu niolewe nimekuwa nikianika nguo nikilitazama kuba lile jeupe, na sikuwahi kuingia. Ghania akaniambia, "Mama, nyota hii ikirudi tena mimi nitakuwa nimeshaoza. Vaa koti."

Tulipanda baada ya Magharibi. Foleni ilikuwa imetoka langoni hadi kwenye misonobari. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na watu walikuwa na chupa za kahawa na watoto migongoni. Bwana mmoja mbele yetu alikuwa hanyamazi. "Nimepanga foleni ya mafuta," anasema, "nimepanga ya vitunguu, nimepanga ya sabuni. Leo napanga ya nyota. Angalau nyota haziishi kabla hujafika dirishani!" Watu wakacheka hata waliokuwa wamekasirika.

Kisha mhandisi mmoja kijana akatoka, akatuambia ile nyota imezama kwenye ukungu wa baharini, haitaonekana. Tutaonyeshwa mwezi. Watu walinung'unika. "Mwezi tunao nyumbani!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Tungekaa na kuutazama barazani, miguu ikiwa kwenye blanketi!"

Lakini mimi, kaka, moyo ulinidunda. Unajua kwa nini. Nyumbani kwetu mwezi ulikuwa wa wanaume. Wewe na baba mlipanda paani kutazama mwezi mwandamo, na mimi nilibaki chini nikishika ngazi. Nikasema, leo nitauona kwa karibu, na hakuna wa kunirudisha uani.

Ndani ya kuba kulikuwa na baridi kama ya kisimani. Darubini ile ni ndefu na ya shaba, na paa huzungushwa kwa gurudumu, linalia kama ngamia anayelazimishwa kuinuka. Yule kijana akanishika mkono kwa adabu. "Karibu, Hajja. Fumba jicho la kushoto, utazame kwa la kulia."

Nikafumba. Nikatazama. Giza.

"Mwanangu," nikamwambia, "mmesahau kuifunua?"

Watu wakaangua kicheko. "Iko wazi, Hajja."

"Basi mwezi umezama."

"Hajja," akasema mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, "mwezi hauzami kwa ajili yako peke yako. Tupishe, na sisi tumeganda!"

Ghania akachungulia. "Mama, mbona umejaa tele humu!" Nikarudi, safari hii nikatumia jicho la kushoto, nao ukawa pale. Una mashimo na vivuli, kama mkate wa kisra ulioachwa motoni ukaungua pembeni. Nikalia. Wakadhani ni furaha, na yule mwanamke mkali akanipa leso.

Tulipokuwa tukishuka ngazi nilijaribu kulifumba lile la kushoto. Ngazi zikatoweka. Nikashika mkono wa koti la Ghania, kama baba alivyokuwa akishika kanzu yako. Nilikuwa natembea na jicho moja, kaka, na sikujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia nilifumbe jingine.

Leo naishia hapo. Nina swali moja, na wewe ni mkubwa wangu, unakumbuka kuliko mimi. Baba alianza lini kujikwaa? Lilitangulia jicho moja?

Nduguyo,
Zulikha

*

Ain Hadjla, 19 Rajabu 1406
30 Machi 1986

Mdogo wangu Zulikha,

Wa alaykumu salaam. Barua yako imefika. Umeandika tarehe ya Wazungu peke yake, na umeanza kueleza kabla ya kumaliza salamu. Nimekusamehe kwa sababu ya umri wako.

Sisi wazima. Tawes anachechemea lakini anagomba kama kawaida, basi mguu haujafika moyoni. Kondoo wamezaa vizuri. Mvua imekuwa ndogo. Hammu mchinjaji, yule mwanafunzi wangu niliyekuwa nikimchapa kwa sababu mwandiko wake ulifanana na kuku anayeparua jalala, ameingizwa katika kamati ya msikiti. Sasa anazunguka dukani kwake na kisu mkononi akiwaambia watu kwamba zama za kupanda mwambani kutazama mwezi zimepita, redio inatosha. Nilimwambia mbele ya watu, "Hammu, wewe redio yako haijui hata bei ya nyama yako." Walicheka. Yeye pia alicheka, maana hana haya.

Nije kwenye swali lako.

Baba hakujikwaa. Baba alilipa. Babu alikuwa akisema, mwezi hulipwa kwa macho, naye alilipa, na baba yake kabla yake alilipa. Katika mji huu hakuna mtu aliyefunga wala kufungua bila neno la mtu wa nyumba yetu tangu kabla Wafaransa hawajatia mguu. Watu walipombusu baba mkono, hawakuubusu mkono, waliyabusu macho yale. Wewe ulikuwa mdogo, na ulikuwa chini na ngazi. Usiyaingize mambo haya katika mazungumzo ya foleni.

Na jicho lako, hilo ni jambo dogo. Umeweka jicho kwenye vioo walivyoviacha Wafaransa, ukapata giza. Ungetegemea kupata nini? Au huenda ni mtoto wa jicho, ambaye huwapata wanawake wanaoinamia moto. Tia wanja mzuri na asali kidogo. Hukuutazama mwezi, basi mwezi hauna sababu ya kukuchukulia kitu.

Macho yangu ni mazima. Nimeumia kidogo kwenye paji la uso kwa sababu kizingiti cha zizi kimejengwa chini mno. Mafundi wa siku hizi hawapimi.

Msalimu Ghania. Mwambie hasira haifai kazini.

Kaka yako,
Lakhdar

*

Algiers, 19 Aprili 1986
10 Shaabani 1406

Kaka yangu mheshimiwa,

Assalaam alaykum, wewe na Tawes na kondoo na wote wanaokula chini ya paa lako. Sisi hatujambo. Mvua imekwisha, na Ghania amepata fundi wa paa, mtu wa maneno mengi na misumari michache. Jirani yetu wa chini ameoza binti yake, tumekula kuskusi siku mbili mfululizo. Nadhani nimemaliza salamu.

Kizingiti cha zizi alikijenga babu. Umepita chini yake tangu ulipoanza kutembea.

Na mistari ya barua yako, kaka, inateremka kama mbuzi wanaokwenda kunywa maji. Mstari wa mwisho umeandikwa juu ya ule ulioutangulia. Ulimchapa Hammu, ukanichapa na mimi, kwa mistari iliyokuwa imenyooka kuliko hiyo.

Sasa nitakwambia nilichoficha. Wiki iliyofuata ule usiku wa kilimani, Ghania alinipeleka hospitali. Daktari ni mwanamke, mtu wa Oran, hapendi maneno mengi. Alinipima kimya, akaniwekea taa, akanipulizia machoni. Kisha akachukua kalamu.

"Baba yako alikuwa anaona?"

"Alikufa kipofu."

"Babu yako?"

"Kipofu."

"Walikuwa wakifanya kazi gani? Ya moto? Ya vyuma?"

"Walikuwa wakiutazama mwezi," nikasema.

Akaiweka kalamu chini. "Hajja, tangu mwezi uumbwe haujampofusha mtu."

Akaniambia ni presha ya macho. Haiumi. Huanza kula pembeni, taratibu, na mtu hajui, mpaka siku moja anajikuta anaitazama dunia kama anayechungulia ndani ya mwanzi. Kilichopotea hakirudi, hata kwa kisu. Kilichobaki kinaweza kushikwa, kwa matone na kwa upasuaji, kama mtu amewahi. Nayo hutembea katika damu ya ukoo. Akaniuliza, "Una ndugu?" Nikamwambia ninaye mmoja. Akasema, "Mlete. Leo ni bora kuliko kesho."

Hiyo ndiyo sababu ya ukimya wangu. Sikuogopa jicho langu. Nilijua utakachosema, nawe umekisema.

Lakini nisikilize, wewe unayependa hoja. Mimi sikupanda paa. Hata jioni moja. Mlinikataza, nami nikatii. Kama mwezi huwachukulia macho wanaoutazama, mimi niliutazama wapi? Nilishika ngazi. Jicho langu limekufa kwa ugonjwa uleule uliolikula la baba, na mimi mwezi sikuujua.

Fanya hivi. Mchana, jua likiwa zuri, simama mlangoni kwako uelekee mnara wa msikiti. Funika jicho moja kwa kiganja, kisha jingine. Niandikie umeona nini kwa kila moja. Sitaki kitu kingine katika barua yako ijayo. Hata salamu unaweza kuziacha.

Mimi nitapasuliwa hili lililobaki baada ya Idi. Njoo kabla ya Ramadhani, tukae foleni pamoja.

Nduguyo,
Zulikha

*

Ain Hadjla, 14 Ramadhani 1406, kwa hesabu yangu

Mdogo wangu Zulikha,

Ramadhani njema kwenu. Shorba ya Tawes mwaka huu ina chumvi nyingi. Kondoo mmoja ametumbukia mferejini na kufa. Nilidhani ni jiwe, nikampita.

Kuhusu jambo lako la kufunika macho, mimi si mtoto wa kucheza kujificha.

Napenda ulisikie kwangu lililotokea hapa kabla hujalisikia kwa watu, maana najua wasafiri wanafika kwenu na midomo wazi. Ijumaa ile ya kutafuta mwezi wa Ramadhani tulipanda mwambani kama ilivyo ada. Watu walikuwa wengi, imamu akiwa miongoni mwao, na Hammu na aproni yake ya damu, hakujali hata kuivua. Jua likatua. Mara Hammu akapiga kelele kama anauza utumbo:

"Huo hapo! Juu ya tangi la maji! Mwembamba kama ukucha!"

Wengine wakafuata. "Naam! Umeandama! Kushoto kidogo ya tangi!"

Mimi nikatazama tangi. Nikatazama juu yake na pembeni yake. Imamu akanigeukia. "Mwalimu, tunasubiri neno lako."

"Sijauona," nikasema.

"Mwalimu, uko pale!" Hammu akanyoosha mkono mbele ya uso wangu. "Mtoto wa kunyonya anauona!"

"Mchinjaji huona mafuta hata palipo na mfupa," nikamjibu. "Nisichokiona sikishuhudii. Baba yangu hakushuhudia kwa jicho la jirani."

"Tumeuona watu tele!"

"Basi fungeni ninyi tele."

Walicheka wachache tu. Tulipokuwa tukishuka, Hammu alinishika kiwiko kwa nguvu, bila kuombwa, mpaka chini. Nimeihesabu hiyo kuwa ni dharau.

Jioni ileile redio ikatangaza kuwa Ramadhani imeingia. Kesho yake mji wote ukafunga. Mimi sikufunga siku ile. Nisingeweza kufunga kwa mwezi wa redio na wa mchinjaji. Adhuhuri nikamwambia Tawes alete kisra na mtindi. Aliiweka sahani chini, akageukia ukutani, akabaki hivyo mpaka nilipomaliza. Nilikula mlango ukiwa wazi. Hammu akapita, akasimama.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha, "funga mlango basi. Watoto wanaona."

"Mlango hufungwa na mwenye kosa."

Akaufunga yeye mwenyewe, kutoka nje.

Tangu hapo watu wananisalimu kwa kifupi. Imamu ametuma mtu kuniambia kwamba mwezi wa Idi nipumzike, kwa sababu ya umri. Nimemjibu kwamba nitapanda kama baba zangu walivyopanda. Usiwe na wasiwasi na mimi. Nimesema kweli tupu, sikuuona, na mtu hawezi kuadhibiwa kwa ukweli.

Kaka yako,
Lakhdar

*

Algiers, 12 Julai 1986

Kaka yangu,

Nimechelewa kwa sababu walinifunga jicho, na nilipofunguliwa daktari alinikataza kusoma. Ghania ananipimia muda wa kuandika kama anayepima sukari. Tunaendelea vizuri. Paa bado linavuja. Idi ilipita salama, tulikukumbuka.

Ule mwezi niliuona.

Nakuandikia polepole ili usiseme nimekosea neno. Ijumaa ileile, saa ileile, nilikuwa paani kwetu na Ghania. Akaniambia, "Mama, tazama kuba la kituo, kisha kulia kidogo, chini ya ile nyota ya jioni." Nikautafuta kwa jicho langu moja lililobaki, nikaupata, mwembamba, umelala kama kipande cha uzi. Ni mara yangu ya kwanza maishani. Nilicheka peke yangu. Nikasema, nitamwandikia kaka, atagomba lakini moyoni atafurahi. Kisha barua yako ikaja.

Wewe si mwongo, Lakhdar. Hujawahi kuwa mwongo. Hukuuona, na ulisema hukuuona. Lakini umekula mchana wa Ramadhani mlango wazi, mji mzima ukipita, na hukula kama mgonjwa. Mgonjwa Mungu amempa ruhusa, tena hana aibu. Wewe ulikula kama jaji. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua waliwaona watu wa nyumba yetu.

Na tuseme basi lile ambalo hatulisemi. Baba hakufa mikononi mwa malaika. Alifika ukingo wa paa upande usio na ukuta, amenyoosha mkono, anasema, "Nauona, nauona," akakanyaga hewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Watu walitunga mengine kwa heshima, nasi tukayakubali kwa sababu yalikuwa mazuri. Lakini mama na mimi ndio tuliosafisha ua. Malaika hawakuacha alama yoyote pale.

Sitaki kusafisha ua tena. Tawes hawezi kuinama na mguu ule.

Daktari wa Oran hupokea wagonjwa wa mikoani kila Jumamosi, bila miadi. Gari la usiku linakufikisha hapa alfajiri, Ghania atakungoja stendi. Njoo Jumamosi yoyote, ila isiwe ya mbali. Aliniambia, na namnukuu, "Kila mwezi anaokaa nyumbani ni kipande tunachokikata na kukitupa." Mimi amenishikia kilichobaki. Naona kalamu, naona mkono wangu, naona kuba kilimani likifunguka jioni. Si kingi. Lakini ni changu.

Unaweza kunigombeza ukishafika.

Zulikha

*

Ain Hadjla, 27 Septemba 1986

Dada Zulikha,

Usishtuke. Mwandiko huu ni wa Hammu mchinjaji, nao bado ni kuku anayeparua jalala. Kaka yako yuko mbele yangu, mzima wa ulimi, na ananiamuru niandike anachosema tu, nisiongeze hata nukta. Ametia sahihi kwanza, chini kabisa ya karatasi, ili nisipate nafasi ya kuongeza. Sahihi imeangukia kwenye kitambaa cha meza. Basi nina karatasi nzima.

Anasema:

"Mdogo wangu Zulikha, sisi wazima. Namtumia mtu huyu kwa sababu mkono wangu umeteguka."

(Haujateguka. Amenipiga nao sasa hivi kwa sababu nachelewa.)

"Tawes anakusalimu. Nyumba iko katika hali nzuri."

(Tawes amefunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni. Ukimuuliza mwalimu, ni ya kuanikia nguo. Hatujaona nguo juu yake. Jicho la kulia limekwisha. Kwa la kushoto anajua mlango uko wapi na dirisha liko wapi, uso wangu haujui mpaka nimsogelee, nami nikimsogelea anasema nanuka utumbo.)

"Barua yako ya Julai nimeisoma."

(Nimemsomea mimi, nyuma ya duka, mlango umefungwa. Alinirudisha mara tatu pale kwenye habari za baba yenu. Mara ya tatu aliniambia, 'Soma vizuri, unameza maneno.' Sikuwa nameza kitu, dada. Nilikuwa nalia.)

"Mwezi wa Idi nilipanda."

(Kweli alipanda. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Nilisimama karibu yake, na watu walipoanza kunyoosha vidole akaniuliza chini chini, 'Hammu, mwezi uko wapi?' Maisha yangu yote hajawahi kuniuliza kitu ambacho hakukijua. Nikamshika kichwa kwa mikono miwili nikamgeuza taratibu, kama ninavyomgeuza kondoo kuelekea kibla. Akakaa hivyo, ametulia kabisa. Nikamwambia, 'Sema umeuona, mwalimu, mimi nimeshauona kwa niaba yako.' Imamu akauliza. Akasema kwa sauti ya darasani, 'Sijauona.' Mji ukafungua kwa neno la redio. Yeye siku ile alikula pamoja nasi, lakini tangu hapo hajatoka zaidi ya mwisho wa kamba.)

"Mbona unaandika kirefu hivyo? Mimi nimesema sentensi moja."

(Nimemwambia mwandiko wangu ni mkubwa.)

"Kuhusu daktari wa Oran. Nimeipima hoja yako, kwamba wewe hukupanda paa na jicho limekufa. Nimeigeuza huku na huku kutafuta kosa lake. Sikulipata. Hoja ni sahihi."

(Tawes ameleta chai, imepoa, ameichukua tena.)

"Lakini kama hoja ni sahihi, basi baba hakulipa chochote. Alipofuka bure, kama punda wa kinu. Na babu bure, na wa kabla yake bure. Walibusiwa mikono kwa ajili ya ugonjwa. Unaniomba nipande gari la usiku, nikae kwenye benchi, nimsikilize mwanamke wa Oran akiniambia hayo, halafu aniachie kipande cha jicho niyatazame nacho maisha yaliyobaki. Ungenitaka nitazame nini?"

(Nilimwambia, 'Utatazama ukingo wa paa, mwalimu.' Ameniambia kunyamaza si makosa ya tahajia, nijizoeze. Dada, gari langu la nyama huondoka hapa kila Alhamisi jioni na kufika huko Ijumaa. Nimeshaosha nafasi ya mbele. Kila Alhamisi nasimama mlangoni na kupiga honi, naye kila Alhamisi anauliza, 'Nani huyo?' akijua ni nani. Wiki iliyopita alivaa viatu. Kisha akavivua.)

"Nimemaliza. Andika mwisho huu kama ninavyousema, bila kuuharibu. Sijakataa, na sijakubali. Niache nipime. Usinihimize kwa barua nyingine, maana itabidi isomwe na mtu huyu, na duka zima litasikia. Nikishaamua nitakuandikia, mdogo wangu, kwa mkono wangu mwenyewe."